Kijana Aliyeniuliza Kama Ahamie Gofu ya Kulipwa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana aliyezaliwa Igoma, hapa Mwanza, ambaye kwa sasa anabeba mikoba ya wachezaji wa gofu Dar es Salaam. Ulianza na "Shikamoo mwalimu", ukaishia na picha ya kadi ya matokeo yenye mikwaju 71 (na katika gofu michache ndiyo mizuri), na katikati yake kulikuwa na maswali mawili: afanyeje ili ahamie gofu ya kulipwa, na anunue fimbo zipi. Nilimjibu kwa ufupi kwamba nimeona na hongera, kisha usiku huo usingizi ukanipaa, kwa sababu ile kadi ilikuwa imeshikwa kwa kidole gumba chenye sugu mahali palepale ambapo changu kilikuwa na sugu nilipokuwa na umri wake.

Nilianza ukedi, yaani kazi hiyo ya kubeba mikoba, nikiwa na miaka 13, katika mji ambao si huu, nilikokwenda kuishi na mjomba aliyekuwa akikata nyasi za klabu. Mwanachama mmoja alinipa fimbo ya chuma nambari saba ambayo mpini wake ulikuwa umekwisha, nami nikauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, na kwa miaka minne sikuwa na fimbo nyingine. Kwa fimbo hiyo moja nilijifunza kupiga mpira wa juu, wa chini, wa kukata kulia na wa kutoka mchangani. Baadaye nilisoma kwamba Seve Ballesteros wa Hispania, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwa chuma nambari tatu kwenye mchanga wa ufukwe wa Pedreña, na nakiri kwamba nilijiona ndugu yake wa damu. Kujiona huko kulinigharimu.

Nilihamia gofu ya kulipwa baada ya kushinda mashindano mawili ya makedi, bila kumuuliza mtu yeyote. Ninachokumbuka vizuri zaidi katika mashindano yangu ya kwanza ni shimo la 18 siku ya pili. Nilikuwa mita sita kutoka shimoni, nikihitaji mikwaju miwili tu ili nivuke mchujo. Mkwaju wa kwanza ulipita shimo kwa hatua moja hivi. Wa pili uligusa ukingo wa kulia, ukazunguka nusu, ukatoka na kusimama ukinitazama. Kedi wangu, ambaye nauli yake nilikuwa nimeikopa, aliirudisha bendera shimoni polepole mno, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Asiyevuka mchujo halipwi, hivyo nilirudi kwa basi huku deni likiwa mfukoni na ile chuma nambari saba ikiwa katikati ya magoti yangu, kwa maana sikutaka ikae kwenye buti pamoja na mizigo ya watu.

Yaliyofuata kwa miaka mitatu yanafanana na hayo, na hayana haja ya kusimuliwa.

Hatimaye klabu moja iliniajiri kuwa mchezaji wake wa kulipwa, na hapo ndipo nataka kijana huyu, na wengine wenye ndoto kama yake, wanisikilize kwa makini. Watu wengi hudhani kwamba mtu mwenye cheo hicho hushinda uwanjani akicheza. Mimi nilifungua duka la klabu saa 12 asubuhi, nikabadilisha mipini ya fimbo za watu, nikapanga makedi, nikasuluhisha ugomvi wa nani alitangulia kwenye shimo la kwanza, nikafundisha vipindi vya nusu saa hadi jua lilipozama, na nikasikiliza mikwaju mibaya ya wanachama ikisimuliwa kama misiba. Ziko wiki nilizomaliza bila kupiga mpira wangu mwenyewe hata mmoja. Ukiwa klabu unaishi kwa mchezo wa watu wengine, na kama jambo hilo linakuudhi tangu sasa, litakuudhi zaidi utakapokuwa na watoto wanaosubiri ada.

Hata hivyo, nilikuja kuipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kupenda kushindana. Mama mmoja mstaafu wa benki alikuja kwangu akiwa na miaka 58, hajawahi kushika fimbo, na kwa miezi miwili sikumruhusu asogee zaidi ya hatua kumi kutoka shimoni. Alinung'unika sana. Lakini hesabu ni rahisi: katika uwanja wa mashimo 18 unaokadiriwa kumalizwa kwa mikwaju 72, mikwaju 36 imekadiriwa kuwa ya kwenye grini, yaani zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, miwili kwa kila shimo, na shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu. Ninamfundisha mtu kuanzia shimoni kurudi nyuma, na draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, huja mwisho. Mwaka uliofuata mama yule aliwashinda wanaume watatu waliokuwa wakimpita mpira kwa mita 80, akaniletea kuku wawili hai dukani, na mmoja wao akakimbilia kwenye mabunka, yale mashimo ya mchanga, mbele ya nahodha wa klabu.

Nilitumikia klabu hiyo kwa miaka 11. Kamati mpya ilipoingia iliamua kwamba wanachama wanahitaji mwalimu wa kisasa mwenye mashine ya kurekodi picha za mkwaju. Sina ugomvi na mashine. Kilichoniuma ni kwamba barua yangu ya kuachishwa kazi nilikabidhiwa kaunta ya baa, na mhudumu aliyeniomba radhi kana kwamba ndiye aliyeiandika, na kwamba miongoni mwa waliotia sahihi alikuwemo mtu niliyemshusha handikapu, ile mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji dhaifu, kutoka 24 hadi 9. Nimesema nimesamehe, na mke wangu husema kwamba ningekuwa nimesamehe nisingekuwa naikumbuka tarakimu ya handikapu yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujahama, fahamu kwamba si daraja la kuvuka na kurudi utakavyo. Kwa kanuni zinazotumika tangu mwaka 2022, ukicheza kama mchezaji wa kulipwa, ukiajiriwa na klabu kwa kazi hiyo au ukipokea malipo kwa kufundisha mchezo, unapoteza hadhi ya ridhaa, na kuirejesha ni lazima uombe. Mashindano ya ridhaa yaliyokupa jina yatakufungia mlango siku hiyohiyo. Cheza ridhaa mpaka mikwaju 71 iwe matokeo yako ya siku mbaya. Jifunze kubadilisha mipini, jifunze hesabu za duka, na jifunze kumsikiliza mtu asiyejua kwamba hajui. Vijana hampendi kuambiwa hivi. Nami sikupenda, na hakuna aliyenishika shati.

Kuhusu fimbo, kanuni zinaruhusu 14 nami nabeba tisa. Napenda vyuma vya kufuliwa, vyenye kichwa chembamba, kwa sababu nikikosea mikono yangu huniambia kabla ya macho. Lakini usiniige, kwa kuwa vimetengenezwa kwa watu wakaidi. Napenda kutembea, na kigari nakipanda goti linapovimba tu. Napenda kushindana shimo kwa shimo kuliko kuhesabu jumla ya mikwaju, kwa sababu shimo ukiliharibu unaliacha hapo. Tangu mwaka 2019 inaruhusiwa kuiacha bendera shimoni unapopiga kutoka kwenye grini, na mimi bado naitoa. Kifaa cha kupimia umbali sikitaki. Hapa Mwanza kingenidanganya hata hivyo, kwa kuwa asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani na mchana hugeuka ukaja usoni, na nambari saba inayofika vizuri saa moja asubuhi haifiki saa tisa. Jambo hilo nilielezwa kwa ufasaha na wavuvi wa dagaa pale Mwaloni, ambao hawajawahi kuona shimo la gofu.

Siku hizi nafundisha watoto kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Luchelele, ambako nimechimba mashimo manne kwa kopo la rangi. Kijana huyu ameniambia atakuja kuwasalimu wazazi wake mwezi ujao. Nimemwandikia tena, safari hii kwa urefu: Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, aje na fimbo moja fupi na ile ya kwenye grini, na draiva aiache Igoma. Mipira ninayo ndoo moja. Tutaihesabu kabla ya kuanza na tutaihesabu tena tukimaliza, kwa sababu watoto wa pale huipenda kuliko mimi.