Wachoraji wa Mwanza, mkiombwa mchoro wa harambee someni hii kwanza

Ukishajulikana tu mtaani kwamba unachora, meseji za michango hazikauki. Leo kwaya inatafuta spika, kesho kituo cha watoto kinaezeka, keshokutwa kuna mtu kalazwa Bugando, na wote lugha ni moja, "toa hata kapicha kamoja, si unachora mwenyewe bana". Kapicha! Hiyo kanvasi na rangi nimeletewa na mawimbi ya ziwa au? Fundi fremu naye anataka chake, hajui habari za harambee.

Mimi sikatai kuchangia ila niliamua mapema, kabla sijaombwa. Kwa mwaka natoa michoro miwili, inaenda kwenye mambo ya watoto na wagonjwa, ikiisha imeisha hata aje nani. Akipiga mama wa kamati namwambia "shikamoo mama, ya mwaka huu imeshatoka yote, mwakani nishtueni mapema." Wengine wananuna, sawa, watanunua kuku wa mnada.

Sasa hapo kwenye mnada ndo kuna balaa lenyewe. Mwenzangu mmoja alitoa picha ya mitumbwi ya Kirumba, siku za kawaida anaiuza laki tatu na nusu, ukumbini ikaenda kwa elfu themanini, maana watu walishachangia kwenye bahasha na tumbo limeshiba na MC ana haraka afunge. Unafikiri iliishia pale? Aliyeinunua kaitundika sebuleni kwake, kila mgeni anaambiwa bei, na Mwanza hii tunajuana, wiki mbili mbele mteja kaja Capri Point kwenye maonyesho anamwambia mbona zako ni themanini. Yani kachangia mara mbili, mchoro na bei yake. Kwa hiyo ukitoa, sema bei ya kuanzia na iandikwe, isipofika mchoro unarudi nyumbani, na waombe wauweke mwanzoni kabla ya msosi.

Pia si lazima utoe yote. Waambie nusu kwa nusu, au gharama ya vifaa irudi kwako kinachobaki chao, wapo wanaokubali vizuri tu kwa sababu hawakuwahi kufikiria kwamba unaweza kuuliza. Uliza na hela inashikwa na nani, na matokeo utayajuaje. Majibu yawe kwa maandishi, hata wasap inatosha. Wakianza kuzunguka zunguka, "wewe toa tu Mungu anaona", mimi hapo huwa naaga.

Afu kuna ile ya "utapata promo". Promo gani, jina lako lipo nyuma ya fremu na hakuna aliyelitaja? Waandike namba yako chini ya mchoro, basi angalau. Na kutoa mchoro siyo kutoa haki ya kuuchapa kwenye fulana na kalenda zao, sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inatenganisha hivyo vitu viwili, wakitaka kuchapa hayo ni maongezi mengine.

Msidhani ni shida ya Bongo tu. Kule Marekani tangu 1969 msanii akitoa kazi yake mwenyewe kwa hisani, kwenye kodi anapunguziwa gharama ya vifaa tu, wakati tajiri aliyeinunua akija kuitoa anaweza kuhesabiwa bei ya sokoni. Kanvasi na rangi, basi, mikono yako haimo.

Kwa ndugu sasa, huko natoa hela kama wajomba wengine, elfu kumi yangu naandikwa kwenye daftari naenda kukaa, nafuu kuliko mchoro wa wiki nzima. Shangazi yangu wa Ukerewe nimeshamwambia harusi ya binti naleta hela na sukari, ile picha ya Jiwe la Bismarck anunue. Akacheka sana, ila kila akipiga simu anauliza imeshapungua hadi ngapi.