Swali la lugha: Jipu lina utetezi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari. Darasani kumezuka ubishi juu ya "kutumbua majipu". Wapo wanaosema ni tashbihi, wengine sitiari, wengine nahau. Je, mtangazaji akisema "mkurugenzi ametumbuliwa" amekosea? Na kwa nini maneno ya namna hii huwaingia wasikilizaji kuliko takwimu?

JIBU: Mwalimu, tashbihi tuiondoe mapema. Tashbihi hutaka kiungo: kama, mithili ya, mfano wa. Lau ingesemwa "wabadhirifu ni kama majipu", tungekuwa nayo. Hayati John Magufuli, alipolihutubia Bunge mjini Dodoma Novemba 2015, alisema tu kwamba majipu yatatumbuliwa. Hiyo ni sitiari: kitu kimeitwa kingine moja kwa moja, bila kiungo. Magazeti na watu wakairudia mpaka ikaganda, ikawa nahau ya kumwondoa mtu madarakani kwa tuhuma. Kwa hiyo wanaosema sitiari na wanaosema nahau wote wana hoja. Wanatazama nyakati mbili za usemi mmoja.

Swali lako la mwisho ndilo zito, na jibu lake limo katika sarufi unayoifundisha kila siku.

Tazama upatanisho. Mtumishi yumo katika ngeli ya A-WA: ametuhumiwa, amehojiwa, atajitetea. Akishaitwa jipu anahamia LI-YA: limeiva, linauma, litumbuliwe. Sasa mwambie mwanafunzi aseme "jipu hili litajitetea". Kanuni hazijavunjwa, lakini sikio linakataa. Jipu halihojiwi wala halikati rufaa. Linatumbuliwa, usaha unatoka, mwili unapata nafuu. Hakuna kiongozi aliyetamka kwamba mtuhumiwa asisikilizwe, na hakuna msikilizaji aliyeombwa akubali hivyo. Amekubali mwenyewe, kwa sababu anajua majipu yalivyo.

Kila sitiari huja na kitenzi chake, na mara nyingi kitenzi hicho hakisemwi. Mwalimu Nyerere, mwaka 1995, alizungumzia nyufa katika nyumba ya taifa, akataja miongoni mwake rushwa, ukabila na udini. Ufa huzibwa. Ukisikia neno hilo hutafuti wa kumfukuza; unatafuta udongo na fundi, na unajiona mmoja wa wakaazi wa nyumba ile. Kabla ya hapo, tangu miaka ya uhuru, alikuwa amewazoesha Watanganyika kusikia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hapo kitenzi ni kupigana, kikali kuliko kutumbua, lakini adui mwenyewe hakuwa mtu. Vita ile ilipiganwa kwa madarasa na zahanati, na hakuna jirani aliyelala na hofu kwa kuwa ujinga umetangaziwa vita.

Hatari huanza neno linapoelekezwa kwa watu. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuchukiza na ya uchochezi. Yalikuwamo madoadoa, kwekwe na mende. Doa husafishwa. Kwekwe hung'olewa, na mkulima akiing'oa husifiwa. Mende, sentensi yake imalizie mwenyewe. Huko Rwanda mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na kilichofuata dunia inakijua. Angalia pia kwamba mende hubaki A-WA, kwa hiyo nisikupe kanuni nyepesi kwamba ngeli ndiyo hubeba madhara yote. Ngeli husaidia kumvua mtu utu. Kitenzi kinachosubiri nyuma ya nomino ndicho humwambia msikilizaji la kufanya.

Kuhusu takwimu, lipo jaribio lenye manufaa kwa darasa lako. Mwaka 2011 Paul Thibodeau na Lera Boroditsky walichapisha utafiti ambamo watu walisoma habari ya uhalifu katika mji mmoja wa kubuni. Idadi za uhalifu zilikuwa zilezile kwa wote. Kundi moja lilisoma kwamba uhalifu ni mnyama mkali anayeuwinda mji, jingine kwamba ni kirusi kinachouambukiza. Waliosoma mnyama walielekea zaidi kutaka polisi na magereza. Waliosoma kirusi walielekea zaidi kutaka chanzo kitafutwe na jamii itibiwe. Walipoulizwa kilichowashawishi, wengi walionyesha zile takwimu! Ni haki kuongeza kwamba watafiti wa Uholanzi waliorudia jaribio hilo na kulichapisha mwaka 2014 hawakuiona athari hiyo, kwa hiyo tusiseme kila sitiari humgeuza kila mtu. Lakini imani yangu ni kwamba takwimu na sitiari hazishindani. Sitiari hutangulia, nayo takwimu ikifika hupokelewa kama ushahidi wa kile ambacho msikilizaji ameshakiona kichwani.

Nije kwa mtangazaji wako. "Mkurugenzi ametumbuliwa" si kosa la sarufi. Tena kumetokea jambo la kuvutia: kiambishi a- kimemrudisha mtu katika ngeli yake, ila kitenzi cha jipu kimebaki naye. Katika mazungumzo sina pingamizi. Katika taarifa ya habari napinga, na napinga kwa nguvu, kwa sababu neno hilo moja linameza mambo matatu tofauti. Huenda uteuzi wake umetenguliwa, jambo ambalo mamlaka ya uteuzi inaweza kulifanya hata pasipo tuhuma. Huenda amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na hapo hajapatikana na hatia yoyote. Au ameachishwa kazi baada ya shauri la nidhamu kukamilika. Msikilizaji aliyeambiwa "ametumbuliwa" hajui ni lipi kati ya hayo, lakini hukumu ameshaipata.

Wape wanafunzi vichwa vya habari vya namna hiyo, waviandike upya bila jipu. Watakwama palepale kwenye kitenzi, kwa kuwa itawabidi waulize nani amemtuhumu, kwa lipi, na kama amesikilizwa.