Hachibaki yenye mbio kwa meneja wa mauzo: Golf GTI au Swift Sport?

SWALI: Kampuni yetu iko Eneo la Viwanda, Nairobi. Meneja wetu wa mauzo anastahili gari la kampuni, na ameomba hachibaki yenye mbio (gari dogo ambalo buti lake hufunguka pamoja na kioo cha nyuma) badala ya saluni ya kawaida. Siku nyingi anazunguka mjini, na mara moja kwa wiki huenda Nakuru akiwa na maboksi mawili ya sampuli. Tumepewa bei mbili za magari yaliyotumika Japani, ushuru ukiwa umeshalipwa: Volkswagen Golf GTI kwa shilingi milioni 4.4, na Suzuki Swift Sport otomatiki kwa milioni 2.5. Fundi wetu naye anasema tuache yote mawili tununue Mazda Demio ya dizeli. Tuchukue lipi, na tuangalie nini kabla ya kulipa? – Bi. Meneja wa Utumishi

JIBU: Bi. Meneja, chukueni Swift Sport, mradi maboksi yaingie kwenye buti. Lakini kabla ya kufungua boneti, anzeni na hati ya mshahara ya huyo meneja wa mauzo.

Gari la kampuni ambalo mfanyakazi analitumia pia kwa shughuli zake huhesabiwa kuwa manufaa, na manufaa hutozwa PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Vipimo ni viwili, na kinachotumika ni kile kikubwa: asilimia 2 ya bei ya mwanzo ya gari kila mwezi, au kiwango cha KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) kinachofuata ukubwa wa injini. Kwa saluni na hachibaki, kiwango cha KRA ni shilingi 4,200 kwa mwezi kwa injini ya cc 1201 hadi 1500, na 7,200 kwa cc 1751 hadi 2000. Wengi huona hizo 7,200 kwenye jedwali wakadhani mambo ni mepesi. Sasa pigeni ile asilimia 2: GTI inaleta shilingi 88,000 kwa mwezi, Swift 50,000. Akiwa kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 30, GTI itamkata 26,400 kila mwezi na Swift 15,000. Tofauti ya 11,400 inatoka mfukoni mwake, si mwa kampuni. Na kwa kuwa hesabu inashika bei ya mwanzo, makato hayapungui gari likizeeka. Mwonyesheni tarakimu hizi kabla hajachagua rangi.

Kukodi kwa mwezi hakuwaokoi. Gari likikodiwa kutoka kwa kampuni nyingine, manufaa huwa ni yale malipo yenyewe ya kukodi, na mara nyingi hayo yanapita asilimia 2. Kinachoweza kusaidia ni daftari la safari. Ikiwa matumizi ya binafsi ni machache, sheria inamruhusu Kamishna wa KRA kukubali kiwango cha chini, ila kwa ushahidi: tarehe, alikokwenda, kilomita za kuanzia na za kumalizia. Daftari lililojazwa lote siku moja kwa kalamu moja halitamshawishi mtu.

Upande wa kampuni, asilimia 25 ya bei ya gari hupunguzwa kila mwaka kwenye faida inayotozwa kodi, kwa mafungu sawa ya miaka minne, lakini gari lisilo la kibiashara linahesabiwa hadi shilingi milioni 3 tu. Swift inaingia yote: 625,000 kwa mwaka. GTI inaishia 750,000 kwa mwaka, na milioni 1.4 inabaki nje. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, hizo ni shilingi 420,000 ambazo hamtazipata. Tena VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya gari la abiria hairudishwi, wala ile ya matengenezo na vipuri vyake. Mhasibu aliyezoea kudai VAT ya lori hujikwaa hapo.

Ukubwa wa injini pia umejificha ndani ya bei mliyopewa. Hadi cc 1500 ushuru wa bidhaa ni asilimia 20. Ukivuka hapo unakuwa asilimia 25. Swift Sport ina cc 1371, GTI ina cc 1984.

Kuna kitu kimoja wauza magari hawakitaji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya sita ya nguvu zake. Honda Fit RS yenye farasi 132 kwenye karatasi hapa inavuta kama yenye 110, na ukipanda kuelekea Limuru inazidi kulegea. Turbo huishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda, kwa hiyo pengo kubwa linazibwa. Swift Sport ina farasi 140 na uzito usiofika tani moja. Kulipita lori kwenye barabara ya Nakuru hakutamtoa jasho. GTI nayo ina turbo na nguvu zaidi, lakini nguvu hizo hazina pa kwenda Barabara ya Mombasa saa kumi na moja jioni.

Saa kumi na moja jioni ndiyo inayoamua suala la giaboksi. GTI hutumia DSG, yaani giaboksi ya klachi mbili. Klachi za GTI zinaogelea kwenye oili, hivyo zinavumilia kuliko klachi kavu za DSG ya gia saba iliyo kwenye Golf ndogo ya 1.4. Hata hivyo, gari likitambaa hatua kwa hatua kwenye msongamano, klachi hushika nusu nusu na kupata joto. DSG ya gia sita inataka oili mpya na filta kila kilomita 60,000, na gari lililofika bila rekodi lihesabiwe kuwa halijabadilishwa. Mkilijaribu, tambaeni nalo gia ya kwanza na ya pili kwenye mwinuko mdogo: likitetemeka kama linataka kuzima, liacheni. Swift Sport otomatiki ina giaboksi ya kawaida ya gia sita, ambayo kati ya injini na gia ina oili badala ya klachi ya kusagika. Kwa foleni za Nairobi hiyo ndiyo sababu yangu kubwa kuliko farasi wote.

Fundi wenu hajakosea kuipenda Demio ya dizeli: cc 1498, inavuta vizuri, inakunywa kidogo. Tatizo ni chujio la masizi kwenye ekzosi. Ili lijisafishe, injini huongeza dizeli na kuchoma masizi, na kazi hiyo inataka mwendo mrefu usiokatizwa. Ikikatizwa kila mara mjini, dizeli inavuja kwenda chini kwenye oili. Kwenye kijiti cha oili cha Mazda hizi kuna alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikiikaribia X, ni dizeli imeingia na oili imwagwe. Safari ya Nakuru kila wiki ingesaidia, lakini likizo ya wiki tatu za mjini tu inatosha kuanzisha shida.

Swift Sport ina kasoro zake. Tumbo lake liko milimita 120 tu kutoka chini, kwa hiyo pitisheni gari kwenye tuta la lango la kampuni likiwa na watu wanne ndani. Matairi ni 195/45R17, mashavu mafupi, na shimo moja lenye makali linatosha kupinda rimu. Ukubwa wa 185/55R16 una kimo karibu sawa, tofauti haifiki milimita 3, na unaacha mpira zaidi kati ya shimo na chuma. Lakini msinunue rimu za Swift ya kawaida: hizo zina nati nne, Swift Sport ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3. Jaribuni rimu moja kwanza muone haigusi breki. Buti ni lita 265 dhidi ya 380 za Golf. Pimeni maboksi kwa futi, msikisie. Petroli iwe ya oktani ya juu. Ya kawaida haiui injini mara moja, ila kompyuta inapunguza nguvu mlizozilipia. Oili ya 5W-30 ningeibadilisha kila kilomita 5,000, kwa sababu ya vumbi na foleni.

Kabla ya kulipa, ombeni karatasi ya mnada wa Japani na muisomeshe kwa mtu asiye muuzaji. Daraja R ni gari lililogongwa likarekebishwa. Magari ya aina hii hupendwa na vijana wa kule, kwa hiyo tafuteni springi zilizokatwa au za rangi ngeni, ekzosi isiyo ya kiwandani, na chujio la hewa lililo wazi badala ya boksi lake. Turbo iliyoongezewa msukumo mara nyingi haionyeshi dalili nyingine ya wazi. Likiagizwa 2026, liwe lilisajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye, maana kikomo ni miaka 8.

Kwenye fomu ya bima andikeni kwamba mmiliki ni kampuni, kwamba sampuli zinabebwa, na majina ya wote watakaoendesha. Muulizeni wakala kwa maandishi kama kuna nyongeza kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya, kabla meneja hajamwachia msaidizi wake ufunguo.