Kubadilisha meni swichi na suala la saji protekta

Ndugu, umesema fundi anakubadilishia meni swichi na kakwambia saji protekta, kile kifaa cha kukinga vyombo na mruko wa ghafla wa umeme, ni kupoteza hela. Mi nakwambia weka, na weka sasa hivi boksi likiwa wazi maana ukija kuiongeza baadae utalipa ufundi mara mbili, hasa kama umeme unakufikia kwa nyaya za kwenye nguzo na huko kwenu radi hazikauki. Chukua Taipu 2, yaani ile ya kawaida ya kufunga kwenye boksi, ila kama juu ya paa kuna mtego wa radi basi iwe Taipu 1+2, inayohimili hata umeme wa radi yenyewe.

Lakini ethi kwanza jamani! Hicho kifaa cha saji protekta kinautupa umeme wa ziada ardhini, sasa kama ethi rodi, ile fimbo ya chuma iliyochimbiwa chini, imeoza au haipo kabisa utakuwa umenunua pambo. Nyaya za kukiunga ziwe fupi, zote kwa jumla zisizidi nusu mita, fundi asizizungushezungushe humo ndani.

Na frijigadi, ile inayokata umeme ukipanda au kushuka sana, usiitoe, kwa sababu umeme ukipanda ukakaa juu, mfano nyutro (waya wa kurudisha umeme) imekatika, saji protekta haikusaidii, yenyewe ni ya ule mruko wa ghafla tu. Kale kadirisha ka saji protekta kakigeuka kekundu ibadilishe, usisubiri mvua.