Maswali ya Wasomaji: Tochi, Mbuyu na Umbali wa Nyota

Wahariri, salaam. Mwaka wa nuru ni kipimo cha muda au cha umbali? Hapa kijiweni tumegawanyika.
*Msomaji, Kondoa*

Ni umbali. Mahali pasipo na hewa nuru hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde. Tangu mwaka 1983 tarakimu hiyo haipimwi tena, kwa kuwa urefu wa mita yenyewe ndio unaotolewa humo. Iache nuru iende mwaka mzima, itakuwa imemaliza takriban kilomita trilioni 9.46, na huo ndio mwaka wa nuru mmoja. Treni ya SGR ikienda kilomita 160 kwa saa bila kusimama popote ingefika Mwezini baada ya siku 100, na kwenye Jua baada ya miaka 106 na ushee. Nuru hutoka Mwezini hadi kwetu kwa sekunde 1.3, na kutoka kwenye Jua kwa dakika 8 na sekunde 19.

Tochi yangu nikiwasha usiku mwanga unaishia kwenye miti ya jirani. Sasa wa nyota unafikaje huku?
*Msomaji, Mpwapwa*

Mwanga wa tochi hauishii kwenye miti, bali unatawanyika. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga uleule hutandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, hivyo kila sehemu hupata robo. Umbali ukiwa mara kumi, hupata moja ya mia. Tena wewe huuoni mpaka ugonge mti na kukurudia, na wakati wa kurudi hutawanyika upya. Hewa nayo huchukua fungu lake. Miezi ya kiangazi, vumbi likiwa limetanda juu ya Dodoma, nyota zilizo chini karibu na upeo wa macho hufifia au hupotea kabisa, wakati za utosini ziko palepale. Nuru ya nyota hupita sehemu kubwa ya safari yake mahali ambapo karibu hakuna cha kuizuia, na chanzo chake si betri mbili: Jua letu, ambalo ni nyota ya kawaida tu, hutoa wati 38 zikifuatwa na sifuri 25.

Kanuni hiyo ya robo ikumbuke, itahitajika katika jibu linalofuata.

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne wanauliza ni nani aliyekwenda na futi kamba hadi kwenye nyota. Naomba maelezo, na zoezi la kufanya uwanjani bila vifaa vya maabara.
*Mwalimu wa fizikia, Kongwa*

Mwalimu, anza na zoezi, maelezo yatakuja yenyewe. Tafuta rula ya sentimita 30, uzi, na kamba ya mita 20. Funga uzi katikati ya rula, kisha piga fundo sentimita 57 kutoka kwenye rula. Kwa urefu huo, kila sentimita 1 ya rula ni digrii 1 machoni pako. Mwanafunzi abane fundo kwenye shavu chini ya jicho, anyooshe uzi hadi ukaze, afumbe jicho la pili.

Chagueni mbuyu ulio kama mita 200 na kilele cha kilima nyuma yake, mbali kadiri inavyowezekana. Simameni mahali ambapo mbuyu na kilele vimekaa mstari mmoja, mchomeke kijiti. Kutoka hapo nyoosheni kamba mita 20 kwa pembe mraba na mstari huo (pembe ipatikane kwa pembetatu ya kamba ya mita 3, 4 na 5). Ukisimama mwisho wa kamba utaona mbuyu umeachana na kilele. Pima pengo hilo kwa rula. Likiwa sentimita 5.7, umbali ni 20 gawanya kwa tanjenti ya digrii 5.7, yaani mita 200.

Makosa yatakuwepo, na hapo ndipo penye somo. Kukosea nusu digrii tu kunakupa chochote kati ya mita 184 na 220. Kamba ikiwa ya mita 5, nusu digrii hiyohiyo inaharibu jibu zaidi, maana pembe yenyewe imekuwa ndogo. Kilima kikiwa karibu, nacho kinahama: kikiwa kilomita 5, pengo litapungua kwa digrii 0.23 na mbuyu utaonekana uko mita 209. Uzi uliolegea ndio kosa la kawaida kuliko yote.

Kwa nyota, mbuyu ni nyota ya karibu, kilima ni nyota za mbali sana, na kamba ni upana wa mzingo wa Dunia, yaani njia yake ya kulizunguka Jua. Piga picha Januari, rudia Julai, utakuwa umehama karibu kilomita milioni 300. Kipimo hiki huitwa paralaksi. Friedrich Bessel alikifanikisha mwaka 1838 kwa nyota 61 Cygni. Pembe alizozitafuta waliomtangulia wakazikosa ni ndogo mno: hata Rijili Kantori, ile nyota angavu iliyo mbali zaidi na Msalaba wa Kusini kati ya mbili zinazouelekea, husogea chini ya sehemu moja kati ya 3,600 za digrii kwa nusu ya kamba hiyo. Iko miaka ya nuru 4.4. Jioni za Mei na Juni mtaiona upande wa kusini.

Kamba nayo ilibidi ipimwe. Mwaka 1961 mawimbi ya rada yalirushwa hadi Zuhura, muda wa kurudi ukapimwa, na kwa kuwa uwiano wa mizingo ya sayari ulijulikana tangu Kepler, umbali wa Jua ukapatikana: kilomita milioni 149.6. Jua lenyewe halifai kupigwa rada kwa usahihi, kwani ni gesi isiyo na uso mgumu na lina kelele zake za redio.

Paralaksi ikishindwa, tunarudi kwenye tochi. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt alionyesha kwamba nyota ziitwazo Sefeidi hung'aa na kufifia kwa mzunguko, na kadiri mzunguko ulivyo mrefu ndivyo nyota ilivyo na nguvu zaidi. Ukijua nguvu halisi na ukapima mwanga unaokufikia, kanuni ya robo inakupa umbali. Edwin Hubble alitumia njia hiyo kwa galaksi ya Andromeda akapata takriban miaka ya nuru 900,000. Leo tunasema milioni 2.5. Hesabu yake haikuwa na kasoro. Sefeidi ziko za aina mbili zenye nguvu tofauti, jambo ambalo Walter Baade alilibainisha mwaka 1952, na vipimo vyote vilivyoegemea pale vikabidi virekebishwe. Vumbi la angani likisahaulika, nyota huonekana iko mbali kuliko ilivyo.

Ni kweli nyota nyingi tunazoziona zimeshakufa?
*Msomaji, Chamwino*

Hapana, ingawa husemwa sana. Nyota za kuonekana kwa macho matupu karibu zote ziko ndani ya miaka ya nuru elfu chache, na nyota huishi mamilioni hadi mabilioni ya miaka. Nuru ya Kilimia, lile kundi la nyota, tunayoiona leo iliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita, lakini nyota zake zina umri wa kama miaka milioni 100. Iliyokufa kweli ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, umbali wa miaka ya nuru 168,000, na mlipuko wake ukaonekana kwa macho Februari 1987.