Wameniuzia kipande bandia, sasa fedha yangu wanaigeuza vocha

SWALI

Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni fundi seremala hapa Hurumzi, kazi yangu milango na masanduku. Marehemu baba ametuachia gumegume, bunduki ya kale ya kupiga kwa jiwe, aliyoirithi kwa babu yake wa Wete. Tangu nikiwa mdogo ilikuwa ikitungikwa ukumbini juu ya mlango, na kila Sikukuu Mosi baba akiishusha, akaipangusa kwa mafuta ya nazi, akairudisha. Mtutu mzima, tako zima, na kwenye bamba la mtambo pana taji na neno TOWER. Kinachokosekana ni kile chuma kinachopigwa na jiwe kutoa cheche. Kilivunjika kabla sijazaliwa. Bunduki haipigi na wala sitaki ipige. Mwaka huu nimemaliza kuitengeneza nyumba ya baba, nikataka irudi ukutani ikiwa kamili.

Kipande nikakiona kwenye duka moja la intaneti la Uingereza, wanauza vipande vya bunduki za kale. Wao wenyewe waliandika kwamba ni cha asili, cha mwanzo wa karne ya 19. Bei pauni 96, usafirishaji pauni 24. Nikalipa kwa kadi ya benki tarehe 3 Machi, kikafika tarehe 29. Nilipokipangusa, kutu yote ikabaki kwenye kitambaa, kumbe ni ya kupakwa. Chini yake nikaona mshono wa kalibu umepita ubavuni kutoka juu mpaka chini. Maalim, mimi nashika bawaba na misumari ya milango ya kale kila siku. Chuma kilichofuliwa na chuma kilichomiminwa juzi havinipotei.

Tarehe 1 Aprili nikawaandikia kwamba sikitaki. Wakajibu kwa upole: rudisha, utalipwa. Tarehe 9 nikakipeleka Posta ya Shangani, rejista, shilingi 68,000. Wakakipokea tarehe 24. Baada ya hapo kimya, nimeandika mara tatu. Tarehe 20 Mei ndipo wakasema wanakata asilimia 20 kwa kurudisha mali stoo, usafirishaji haurudi, na pauni 76 na peni 80 zilizobaki wameniwekea vocha ya dukani kwao, ya miezi 12. Niagize nini tena kwao? Fedha ile ilikuwa ya mbao. Na kilichonichoma zaidi ni maneno yao ya mwisho, eti wateja wa mbali hawaujui utaratibu. Nina haki, au ndiyo basi?

*Fundi, Hurumzi*

JIBU

Wa alaykum salaam, fundi. Haki unayo. Ila siku zinakwenda, kwa hiyo naanza na benki.

Ulilipa kwa kadi, na hilo limekuokoa. Mwenye kadi anaruhusiwa kuyapinga malipo kupitia benki iliyompa kadi, pale alipouziwa kitu kisicholingana na maelezo au aliporudisha mali asirudishiwe fedha. Mitandao mikubwa ya kadi kwa kawaida hutoa siku 120. Nikihesabu tangu siku kipande kilipokufikia, 29 Machi, zinakwisha 27 Julai. Barua yako nimeipata tarehe 14 Juni. Usingoje Julai. Nenda tawini kwako wiki hii, omba fomu ya kupinga muamala, na usikubali kuambiwa "zungumza na muuzaji kwanza", kwa sababu umeshazungumza naye tangu Aprili na barua zote unazo. Ile vocha usiiguse hata kwa peni moja. Ukinunua nayo screw moja tu, watasema umeridhika nayo.

Sasa hao jamaa na utaratibu wao. Kwenye masharti ya duka lao, uliyoniletea, wameandika kwamba mauzo yanafuata sheria ya Uingereza. Vizuri, tuwafuate huko huko. Sheria ya Haki za Walaji ya nchi hiyo, ya mwaka 2015, inataka kitu kilingane na maelezo yake. Kisipolingana, mnunuzi ana siku 30 za kukikataa. Wewe ulikikataa siku ya tatu. Muuzaji akishakubali kwamba fedha irudi, ana siku 14 tu za kuirudisha. Airudishe kwa njia ile ile uliyolipia, yaani kwenye kadi, isipokuwa wewe mwenyewe uridhie njia nyengine. Na sheria inamkataza kukutoza chochote kwa kurudishiwa fedha yako, kwa hiyo hiyo asilimia 20 haina pa kusimama. Gharama ya kurudisha, ikiwa ya kiasi, pia ni yake. Shilingi 68,000 zako za Shangani zidai, na upeleke risiti.

Pauni 24 za kukuletea mzigo nazo zidai. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 kuhusu manunuzi ya mbali zinampa mnunuzi siku 14 baada ya kupokea mzigo kubadili nia bila hata kutoa sababu, na hapo gharama ya kawaida ya kuletewa hurudi pamoja na bei.

Pana jambo moja linanitia wasiwasi, nalo hukuliuliza. Kwenye oda yako umeandika jina la karakana, na baruapepe ni ya karakana. Sheria zote mbili hizo zinamlinda mlaji, mtu anayenunua kwa haja zake, hazimlindi mfanyabiashara anayenunua kwa ajili ya kazi. Wakilishituka hilo watalikamata. Kwa hiyo barua yako ianze hapo: bunduki ni ya marehemu baba, iko nyumbani, haikununuliwa kuuzwa, jina la karakana ulilitumia kwa sababu ndiyo anwani unayopokelea mizigo. Ambatisha picha ya gumegume ikiwa ukutani. Ni kweli tupu, iseme mapema kabla hawajakuuliza.

Katika ushahidi, usijishughulishe na lile neno TOWER, alama ya ghala la silaha la serikali ya Uingereza kule London. Najua unalionea fahari, na mimi bunduki hizi nazipenda. Zilipita hapa nyingi hata mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833 ukaweka sharti kwamba kisiwani Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake, ilhali bandari zake nyengine biashara ilikuwa huru. Lakini alama ya TOWER iligongwa pia na mafundi wa Birmingham na wa Liège, Ubelgiji, kwenye bunduki za biashara, kwa hiyo haithibitishi kitu katika kesi yako. Kesi yako ni mshono wa kalibu. Zile picha mbili ulizopiga kabla ya kukirudisha, moja mshono na moja kitambaa chenye kutu, ndizo uzito wa madai yote. Zitume pamoja na picha ya ukurasa wao ulioandikwa "cha asili". Kama ukurasa bado upo, upige picha leo. Kurasa za namna hiyo hufutwa.

Hayo maneno kuhusu wateja wa mbali yameniuma na mimi. Nimekaa dirishani Posta miaka 19, nimewaona watu wa hapa wakifunga mizigo ya kurudisha kwa uangalifu ambao muuzaji hakuufanya alipoileta. Usiwajibu kwa hasira. Wape siku 14 kwa maandishi, taja sheria kwa mwaka wake, waambie benki yako inajua.

Na kabla hujaagiza kipande chengine, kwao au kwa mtu mwengine, nenda Polisi Madema uulize kwa maandishi kuhusu gumegume yenyewe na vipande vyake. Hata isiyopiga, ni bunduki, na jibu lao ulihifadhi pamoja na karatasi za nyumba.

Risiti ya Shangani uliyonipigia picha imeanza kufifia. Ile namba ya herufi na tarakimu 13 inayoishia na TZ bado inasomeka, nayo ndiyo inayoonesha kwamba walikipokea. Karatasi ile hufutika yenyewe kwa joto. Ifanyie fotokopi leo, mbili, na moja uipeleke benki.