Verlander alinitia hasara mara mbili: namna ya kumpima mrushaji mkongwe

Juzi kijana mmoja wa Tanga anayeishi Ohio aliniandikia: "Kaka, kwenye fantasi yangu ya besiboli nina mrushaji wa miaka 37. ERA yake bado nzuri. Nimshike au nimuuze?" Fantasi ni mchezo wa kuunda timu ya wachezaji halisi na kuvuna alama kwa namba zao za uwanjani, na ERA ni kipimo cha mrushaji, ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Swali hilo limeshaniumiza mara mbili, na mara zote mbili mtu alikuwa yuleyule, mrushaji Justin Verlander.

Mchezo huu nilifundishwa na mwenzangu kutoka Jamhuri ya Dominika, ghalani Houston, zamu ya usiku, tukitazama kwenye simu yake saa ya mapumziko. Usiku wa Agosti 31, 2017, dirisha likikaribia kufungwa, Astros, timu ya Houston, walimchukua Verlander kutoka Detroit. Alikuwa na miaka 34, na wengi waliona tumenunua jina. Akaanza mechi tano kabla msimu wa kawaida haujaisha, akashinda zote kwa ERA ya 1.06, na mwaka huohuo mji wetu ukatwaa ubingwa. Tangu hapo najiita mtu wa Houston.

Ligi yetu ya fantasi ya ghalani inaruhusu kubaki na wachezaji mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nilikuwa naye. Mwaka 2020 akarusha mechi moja tu, kisha kiwiko kikamgomea. Alifanyiwa upasuaji wa Tommy John: kano ya kiwiko iliyochanika hubadilishwa kwa kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, na mrushaji hukaa nje mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Ana miaka 37, nikajisemea, huyu harudi. Nikampa mwenzangu mmoja wa zamu yetu, naye akanipa kijana ambaye leo hata hachezi tena.

Mwaka 2022 Verlander, akiwa na miaka 39, alishinda mechi 18, akapoteza 4, ERA 1.75, na akapewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, kwa mara ya tatu. Mwenzangu akachukua ubingwa wa ligi yetu, na wiki nzima alipita mezani kwangu kunikumbusha nani alikuwa wake zamani. Bado naliona lile tabasamu lake.

Basi nikataka kulipiza. Kabla ya msimu wa 2023 nikamnunua tena kwa vijana wawili wazuri. New York Mets walikuwa wamempa mkataba wa dola milioni 86.7 kwa miaka miwili, nami nikajiambia kwamba wenye pesa zao hawawezi kukosea. Msimu ule alimaliza na ERA ya 3.22. Nikatulia, nikambakiza. Mwaka 2024 bega likamsumbua, shingo ikamsumbua, akaanza mechi 17 tu, na ERA ikapanda hadi 5.48. Nilimaliza mkiani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipolipa karo. Dalili zilikuwepo 2023, na mimi nilikuwa natazama ERA. ERA ni wastani wa pointi anazofungwa mrushaji, zisizotokana na makosa ya wenzake, kwa kila iningi tisa (iningi ni awamu ya mechi, na mechi ya kawaida ina tisa), na ndani yake wamo wadakaji walio nyuma yake, ukubwa wa uwanja, na bahati. Straikiauti, yaani mrushaji kumtoa mpigaji kwa straiki tatu, ni ugomvi wa watu wawili tu, mrushaji na mpigaji. Mwaka 2022 Verlander alipata straikiauti 185 katika iningi 175, yaani zaidi ya moja kwa kila iningi. Mwaka 2023 zilikuwa 144 katika iningi 162. Wapigaji walikuwa wameanza kuugusa mpira wake. Beisi za bure, anazopewa mpigaji mrushaji akikosa shabaha mara nne, nazo zilipanda kutoka 29 hadi 45. Mwaka 2024, straikiauti 74 katika iningi 90. Mambo haya yote yanapatikana bure kwenye simu, nami sikuyafungua kwa sababu moyo wangu ulikuwa umeshaamua.

Lakini usikimbilie kumzika mtu pia. Mwaka 2014 straikiauti zake zilishuka kutoka 217 hadi 159, ERA ikawa 4.54, na watu wakasema kwisha. Waliosahau ni kwamba Januari ya mwaka huo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa misuli ya kiunoni. Mwaka 2016 alipata straikiauti 254 na kushika nafasi ya pili katika kura za Cy Young. Kushuka kwenye sababu inayotibika ni kitu kimoja. Kushuka polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa mtu mwenye miaka arobaini, ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo tazama straikiauti, halafu uliza mwili ulikuwaje. Ukimaliza, tazama straikiauti tena.

Najua kuna atakayeniletea mrushaji Jamie Moyer, aliyeshinda mechi akiwa na Colorado Rockies mwaka 2012 akiwa na miaka 49. Ni kweli, ila Moyer hakuwahi kutegemea kasi ya mpira wake. Mrushaji wa kasi akipungukiwa kasi ni sawa na kuanza kazi upya uzeeni.

Na bei, ndugu zangu, bei! Msimu wa 2025 San Francisco Giants walimpa Verlander mwaka mmoja kwa dola milioni 15. Akarusha iningi 152 kwa ERA ya 3.85 akiwa na miaka 42, na hakuna aliyelalamika. Mkongwe huchukuliwa hivyo, kwa muda mfupi na kwa bei ambayo hata akianguka hujutii. Usitoe kijana, sembuse wawili.

Wewe wa Ohio, nimezipitia namba ulizonitumia. Straikiauti zimeshuka misimu miwili mfululizo, beisi za bure zimeongezeka, na hakuna jeraha lililotangazwa. Wenzako bado wanaiona ERA tu. Muuze wiki hii.